Namba ya Katikati

Faida, mama yangu,

Utacheka ukiona karatasi zote hizi, kwa sababu unajua ujumbe wangu wa simu huwa ni "sawa" au "nimepata," basi. Lakini wewe na mama yako mmekwenda kuaga kwa tantine, shangazi yako, nyumba imenyamaza, na jua la leo limejaza betri. Nimezima printa. Nimekaa kwenye kiti chako, kile cha karibu na dirisha, na sasa najua kwa nini ulikuwa unalalamika mgongo.

Sitakuambia ufunge mlango, ule vizuri, uchague marafiki. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima na kesho atayasema mpaka dereva apige honi. Mimi nataka kukuandikia habari za rangi. Najua ni ajabu kwa mtu kama mimi.

Mwaka jana hukwenda Bukavu. Shule ya uuguzi ilikuwa imekukubali, nguo zilikuwa zimeshonwa, ukasema unataka kungoja kidogo. Mama yako alidhani ni uoga. Mimi nilijua, na wewe ulijua kwamba najua. Ulikuwa unangoja baba yako apate macho, na mimi nikakuacha ungoje.

Acha niliandike, maana sijawahi kuliandika popote: mimi Papa Faida, mpiga picha wa barabara ya kwenda ziwani, sitofautishi nyekundu na kijani. Njano naiona. Bluu naiona. Ziwa letu nalijua vizuri na mbingu pia. Lakini majani ya muhogo na udongo wa hapa Baraka, Fizi, kwangu ni kitu kimoja, kimoja kimepauka kidogo tu kuliko kingine.

Nililijua hilo nikiwa mtoto. Bibi yako, yule uliyepewa jina lake, ndiyo sababu ninakuita mama, alinituma shambani kuchuma pilipili zilizoiva. Nikarudi na kikapu kimejaa mbichi. Akadhani nacheza. Akanirudisha, nikaleta mbichi tena, na nilikuwa nimefanya bidii kweli. Hakunipiga. Alikaa chini, akachukua pilipili mbili, akanishika kidole akanibonyezesha moja, kisha nyingine. Iliyoiva inabonyea. Tangu siku hiyo nilichuma pilipili kwa vidole na hakuna aliyenicheka tena. Hakumwambia mtu yeyote, hata baba yangu. Nadhani ndipo nilipojifunza kwamba jambo hili ni la kufichwa, ingawa sidhani kama ndilo alilotaka kunifundisha.

Nilipokwenda Uvira kujifunza kazi, picha zilikuwa bado nyeusi na nyeupe kwa watu wengi. Mama, nilikuwa hodari. Mwalimu wangu alikuwa ananipa nyuso ngumu, bibi harusi mwenye gauni jeupe akisimama na mume mweusi tititi, na mimi nilimtoa kila mmoja na uso wake. Nilijua mwanga unavyokaa kwenye shavu. Rangi zilipokuja nilijiambia ni mtindo tu, utapita. Unaona nilivyokuwa na akili.

Ulikuwa hujaanza hata shule ulipoingia siku moja nikiwa natoa picha ya ubatizo ya mama mmoja. Ulisimama ukaangalia karatasi inavyotoka, ukaniambia, "Papa, ule mama iko vert." Nikakuuliza, "Vert namna gani?" Ukasema, "Vert namna ya majani, papa. Iko mugonjwa?" Nikafunga mlango. Tukakaa wawili mbele ya kompyuta, nikawa nasogeza, wewe unasema "bado," nasogeza, "bado," mpaka ukasema, "Njo yeye sasa, ni yeye." Yule mama alikuja, akajiona, akafurahi. Nikakununulia mandazi.

Ndivyo tulivyoanza. Ukinigusa mkono wa kulia, nyekundu imezidi. Ukinigusa wa kushoto, kijani. Wateja wakawa wanasema huyu mtoto anampenda baba yake, habanduki. Nami nikazoea. Ulikuwa unatoka shule, unatupa mfuko mlangoni, unaingia kazini hujala, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na foleni ya picha zinazongoja macho yako. Niliita hiyo kukufundisha kazi. Kazi kweli uliijua, lakini jina lake halikuwa hilo.

Unakumbuka Papa Alimasi seremala? Alikuja kupiga picha ya kitambulisho. Ilipotoka nikaona mimi mwenyewe kwamba macho yake yana njano. Nikafurahi kuona kosa kwa mara moja maishani, nikakuambia, "Njano imezidi, ondoa." Ukakataa.

"Hapana, papa. Ile jaune iko yake. Haiko ya machine."

Ulikuwa umemwangalia alipokuwa mlangoni. Ukatoka nje ukamwambia mzee wa watu aende hospitali siku hiyo hiyo. Alikasirika kweli. "Mutoto, mi nilikuya kupiga picha. Sikukuya kwa munganga." Ukamjibu kwa heshima, ukimshika mkono kwa mikono miwili, "Njo, Papa Alimasi, lakini picha iko tayari, na hopitali iko njiani ya kurudia kwako." Uongo mtupu, hospitali iko upande mwingine kabisa. Akaenda. Ini ndilo lililokuwa na shida, akatibiwa muda mrefu, na sanduku utakalobeba kesho amelitengeneza yeye.

Nilikuwa nimetaka kumfutia mtu ugonjwa wake kwenye karatasi ili picha ipendeze. Wewe ulisimama katikati ya machine na mtu, ukajua kipi ni cha machine na kipi ni cha mtu. Nilijua pale pale kwamba kazi yako si hii yangu. Sikukuambia, kwa sababu kulikuwa na picha za ndoa zinazongoja.

Basi, Papa Deo. Tulijifunza kazi pamoja Uvira, na sasa yeye anachapa mabango na fulana. Alipokuja Baraka kwenye matanga ya mjomba wake alishinda hapa kwetu mchana mmoja. Wewe ulitoka kuteka maji, akaniambia, "Ndugu yangu, unamuchokesha mutoto." Nikajifanya sielewi. Akasema:

"Machine yako inadanganyaka. Yangu pia. Lakini inadanganyaka namna moja kila siku. Uongo ya namna ile, unaweza kuipima."

Sikulala vizuri kwa maneno yale. Nilikuwa nimeishi na machine hii nikiamini kwamba leo inaamka na hasira, kesho na furaha, na ni wewe tu unayeijulia. Kumbe ina tabia yake na haiibadilishi. Ukiomba rangi fulani, inatia nyekundu kidogo zaidi kuliko ulivyoomba, leo, kesho na keshokutwa. Kama unajua inazidisha kiasi gani, unaomba pungufu kiasi hicho, na inakupa ulichotaka. Kile kitabu cha tabia zake, faili ndogo tu ndani ya kompyuta, ndicho wanachokiita profaili. Papa Deo akarudi Uvira, akatutumia kipimio chake cha rangi kwa gari la abiria, kimefungwa ndani ya soksi.

Nakumbuka ulivyokitoa. Kadogo kama sabuni iliyotumika nusu, kana dirisha chini na kamba ya kuchomeka kwenye kompyuta. Kwanza kinaonyeshwa kigae chake cheupe ili kijue nyeupe ni ipi. Hicho kitu kilinishangaza hata kabla hatujaanza. Kabla ya kusema lolote juu ya dunia kinaomba kwanza kionyeshwe weupe. Kisha unakiweka juu ya rangi, kinawasha taa yake chenyewe, hakijali kama ni asubuhi au mawingu, kinasema rangi hiyo ni namba gani. Hakina jicho, hakina mama aliyekifundisha, na kinajua nyekundu. Nilikishika mkononi nikaona haya mbele yake, sikufichi.

Tukazima marekebisho yote ya printa, kama Papa Deo alivyoelekeza, ili iseme yenyewe bila kujipamba. Ikatoa karatasi zile za miraba midogo midogo, mamia ya rangi, kila mraba na namba ambayo kompyuta inajua ndiyo iliyoomba. Kilichobaki kilikuwa kukausha wino na kupima. Wewe ukaenda kuimba kwenye mazoezi ya korali.

Sasa hapa ndipo baba yako alipofanya mambo. Kukausha! Mtu wa Baraka akiambiwa akaushe kitu, anajua pa kwenda. Nilitoka nyuma ya nyumba, nikaona jirani ametandaza ndagala wake, dagaa wa ziwa letu, juani, na mahali pamebaki. Nikatandaza karatasi zangu pembeni ya ndagala, jiwe kila pembe, nikaziacha zipigwe na jua mchana mzima. Nikazigeuza hata. Jioni zilikuwa kavu, nzuri, zimenyooka. Nikajisifu.

Uliporudi ulinusa ile karatasi ukaniangalia, lakini ulikuwa umechoka, hukuuliza. Tukapima. Kipimio kilisoma kwa uaminifu kile kilichokuwa mbele yake. Na kilichokuwa mbele yake ni wino wa chupa wa bei ndogo uliochomwa na jua mpaka nyekundu yake imefifia. Kwa hiyo kikaiambia kompyuta kwamba printa hii ni dhaifu kwenye nyekundu, iongezwe. Kompyuta ikatii. Profaili ikawa tayari.

Mimi nilikuwa na furaha kiasi cha kuimba. Picha za korali zilikuwa zinangojwa, nikazichapa zote bila kukuita. Zote! Nikazipanga mezani, nikaona mwanga umekaa vizuri kwenye mashavu, nikaona kila uso uko mahali pake. Kwangu mimi hazikuwa na kosa hata moja.

Mama Sifa, kiongozi wa korali, ndiye aliyeingia wa kwanza na wenzake. Alichukua moja, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akarudi polepole.

"Papa Faida, ni wewe ulitupakala mawese?"

Wale bamama wakakusanyika. Unajua korali yenu, kuna wa hapa hapa, kuna wakimbizi wa Burundi, kuna waliotelemka kutoka milimani Minembwe, kuna yule mweupe mweupe wa Kazimia. Mmoja akasema, "Leo siye bote tumezaliwa na mama moja." Mwingine akasema, "Ni mama gani huyu iko namna ya nyanya?" Wakacheka mpaka mtaa ukaja kuangalia. Mimi nikacheka nao. Sikujua nacheka nini.

Ukaitwa. Ukaangalia picha, ukauma mdomo, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Papa, ulikausha wapi zile karatasi?"

"Pale nyuma. Kwa ndagala."

Ulikaa chini sakafuni ukacheka mpaka machozi. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu njiani na watu wananitazama.

Lakini jioni ile nilipita mbele ya chumba chako. Ulikuwa unatoa nguo ndani ya sanduku. Hukuwa na hasira, hata ulikuwa unaimba kidogo. Ulizikunja moja moja ukazirudisha kwenye kamba ya ukutani, koti la baridi ya Bukavu likawa la mwisho. Sikuingia. Nilirudi nikakaa gizani mbele ya machine, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Niliona miaka yote inayokuja: wewe kwenye hiki kiti, mimi kwenye kile, mkono wa kulia, mkono wa kushoto.

Mara ya pili tulifanya kila kitu kama watu wazima. Karatasi zilikaushwa ndani, kabatini, mbali na jua na mbali na samaki. Tukangoja mpaka kesho yake. Na siku ile ya kupima, mama, ndiyo hasa ninayotaka kukuandikia. Wewe labda uliiona ni siku ya kazi tu. Mimi nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba aliyoishi nje yake.

Uliniambia nishike mimi kipimio. Naweka juu ya mraba, kinalia, nasogeza, naweka tena. Kwenye kioo cha kompyuta kila mraba unatoa namba tatu. Nilikuwa sizijali mpaka nilipofika kwenye miraba miwili iliyokaa jirani, ambayo kwangu ilikuwa pacha. Nikakuuliza, "Hii miwili iko sawa?" Ukanitazama kwa mshangao. "Papa, ile moja ni ya majani, ile ingine ni ya matofali." Nikaangalia namba. Ya kwanza ilikuwa karibu sawa kwa yote miwili. Ya tatu pia. Lakini ya katikati, mama! Moja ilikuwa chini kabisa ya sifuri, nyingine juu kabisa. Zilikuwa zimeachana mbali sana.

Nikaweka kidole juu ya mraba mmoja, kisha juu ya mwingine. Nikafanya hivyo mara nyingi, ukadhani nimechoka. Nilikuwa nawaza kwamba kati ya miraba hii kuna umbali mkubwa, kila mtu mitaani anauona, mbuzi labda anauona, na mimi nimepita juu yake maisha yangu yote bila kujua kwamba nimevuka kitu. Sikuhuzunika. Niliogopa kwa namna ya mtu aliyeingia kanisani hajavua kofia.

Ndipo uliponisomea maelezo. Namba ya kwanza ni mwanga, kutoka giza mpaka nyeupe. Ya katikati ni kutoka kijani kwenda nyekundu. Ya tatu ni kutoka bluu kwenda njano. Kila rangi duniani, alivyoiumba Mungu, ngozi ya mtu, kitenge, nyasi za Lulimba, inakaa ndani ya namba hizo tatu. Kumbe mbili ninazo. Tangu ile siku ya kikapu cha pilipili nilijiona kama nimenyimwa rangi zote, kana kwamba dunia ni karamu na mimi nimeachwa nje ya ua. Kumbe nilikuwa ndani, nakosa namba moja tu, ile ya katikati.

Na halafu, usisahau, tulifika kwenye ile miraba ya kahawia nzito. Ukasema, "Hizi mbili ziko sawasawa." Nikasema hapana, hii ya kushoto ina giza kidogo. Ukasogea, ukainama, ukasema, "Sioni, papa." Tukapima. Namba ya kwanza ilikuwa tofauti. Kidogo tu, lakini tofauti, na upande ule niliousema. Uligeuka ukanitazama na macho yako yakajaa, na mimi nikajifanya napangusa kigae.

Sisemi haya ili kukufundisha. Ila utakutana huko na watu wasioona kitu ambacho kwako kiko wazi mchana kweupe, walimu labda, na wagonjwa hasa. Utataka kuwashangaa. Washangae tu, lakini wakati huohuo uwaulize wanaona nini kwenye ile kahawia nzito.

Kitu kingine kilichonishika ni hiki. Kompyuta ilipokamilisha profaili tuliangalia wino unaokwenda kwenye uso wa mama yako. Nilidhani itakuwa nyeusi tele. Ilikuwa njano nyingi, nyekundu nyingi, bluu kiasi, na nyeusi kidogo kabisa kwenye vivuli. Nikafungua uso wa Papa Alimasi, wa mmoja wa wale Barundi, wa yule wa Minembwe. Chupa ni zile zile, zinachanganywa tofauti kidogo tu. Mambo ya damu yanayotokea kati ya watu wa huko milimani na wa hapa chini unayajua, sina haja ya kuyataja. Niliangalia zile nyuso na zile chupa zangu mezani.

Tukachapa korali upya. Safari hii ulikataa kuingia. Ulikaa nje na mama yako mkichambua maharage, ukaniachia. Bamama wakaja, Mama Sifa mbele. Akachukua picha, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Wengine wakasogea. Nami nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya, kwa sababu siku zote nilikuwa naangalia karatasi: niliwaangalia wao. Mmoja akaweka mkono wake kando ya uso wake kwenye picha, akaulinganisha. Mwenzake akafanya vilevile. Kila mtu alikuwa amerudishiwa ngozi yake. Yule wa Kazimia akasema, "Njo mimi," polepole, kama mtu anayeitikia jina.

Jioni ile koti lilirudi sandukuni. Nililiona, ukaona nimeliona, tukala ugali.

Sasa nikuambie ukweli ambao wewe pia unaujua. Profaili hii ni ya printa hii, wino huu na karatasi hii. Chupa zikiisha na duka likileta wino mwingine, kitabu cha tabia kitakuwa cha mtu mwingine. Na kipimio unakipeleka kesho kwa Papa Deo pale Uvira, kwa sababu si chetu. Kwa hiyo siku itafika nitachapa uso wa kijani tena. Nimelijua hilo tangu mwanzo na nimekuona ukilihesabu kichwani wakati unafunga sanduku. Usirudi kwa sababu ya chupa ya wino. Nakuomba hilo kama baba, na kama halitoshi, nakuomba kama mtoto wako, kwa lile jina ulilobeba.

Ndiyo maana leo asubuhi, ulipokwenda ziwani kufua, nilifanya jambo. Mama Sifa alikuja kuomba nakala moja zaidi, ya kumpelekea mwanawe. Alikuwa peke yake. Nikampa kiti. Nikamwambia yote: Mama, mimi sioni nyekundu, sijawahi kuiona, ni Faida aliyekuwa anaiona, na Faida anakwenda. Nikamwambia kuanzia kesho picha ikitoka vibaya, wao wenyewe ndio watakaoniambia.

Hakushtuka hata kidogo. Alifunga picha yake ndani ya kitenge, taratibu.

"Papa Faida, ile tunajuaka zamani."

"Munajua? Nani anajua?"

"Siye bote. Hapa Baraka nani hajui? Tangu ule mutoto alikuwa mudogo, anakugusa mukono."

Nikamuuliza basi kwa nini walikuwa wanakuja kwangu, wakati kuna wapiga picha wengine wenye macho yao. Na kwa nini hakuna aliyesema hata neno.

"Juu ya mutoto," akasema. "Alikuwa anajikaza sana, batu basijue. Tukasema, tukimuonyesha tunajua, atasikia haya juu ya baba yake. Basi tukanyamaza."

Akainuka. Mlangoni akageuka akasema nisiwe na wasiwasi na chupa zikibadilika, watakaa na mimi mbele ya kompyuta kwa zamu, na watasema "bado" mpaka iwe.

Nimewaza hilo tangu aondoke, mama. Mji mzima. Wauza samaki, watu wa kambi, wachungaji, bibi harusi wote wale. Walikuwa wanasimama kwenye foleni yangu wanakuona unanigusa mkono, wanaangalia pembeni. Ulidhani ni wewe unayewaficha. Wao ndio waliokuwa wanakuficha wewe.

Kesho asubuhi watakuja garini kukuaga, na usishangae wakiwa wengi. Wamekutunzia baba yako tangu ukiwa mtoto, na wamesema wataendelea. Panda gari.

Baba yako